Torgeir Bråtalien na Ukurasa wa Tarehe 9 Mei

Hapana, Haldor, familia haitaki kroner elfu ishirini za klabu, na bahasha uliyoisukuma chini ya sahani ya Ragnfrid, mjane wa marehemu, ukimnong'oneza, "Shemeji, pokeeni ya kahawa, yaishe," ichukue, maana hayajaisha, na ninyi nyote mliotoka makaburini kuja ukumbini mtasikia kwa nini, kwa mpangilio wake.

Marehemu Torgeir Bråtalien alizaliwa tarehe 14 Februari 1951, katika shamba la Bråtalien, bonde la Gudbrandsdalen, akafuatwa miaka minne baadaye na dada yake Gunnvor, anayewasomea historia hii. Alisoma shule ya kijiji miaka saba, mwalimu akamwita kichwa kizito, naye hesabu zote za mwendo wa risasi akajifundisha mwenyewe, na mwaka 1968 akaajiriwa kunoa misumeno kiwanda cha mbao, akanoa miaka arobaini na mitatu, wala hakuna aliyewahi kumrudishia msumeno kwa ubutu.

Tarehe 19 Juni 1976 alimwoa Ragnfrid, akiwa amemtahadharisha mapema kwamba chumba cha chini kitakuwa cha baruti, naye bibi akajibu, "Sawa, ila mizani yangu ya unga usiiguse," na mwaka 1979 wakajaliwa binti yao, Ingjerd.

Chumbani humo alijaza risasi moja moja kwa mkono, za kulenga shabaha ya mita elfu moja, kila ganda akilipima urefu, kila kipimo cha baruti akikitia mizanini, kwani alisema upepo una haki ya kukukosesha, uvivu hauna. Masharti yake yalikuwa mawili, kwamba baruti isiachwe ndani ya chombo cha kumiminia, irudishwe mkebeni mwake, na kwamba kila anayejazia risasi mezani pake aandike daftarini kwa mkono wake na kutia sahihi.

Tarehe 9 Mei 2013, siku ya Kupaa, Haldor Ryen, mwenyekiti wa klabu ya shabaha na rafiki yake tangu shule, aliomba meza, akajaza risasi za bastola, kisha, pasipo kumwaga baruti iliyobaki, ile inayowaka upesi kiasi cha kuweza kupasua bunduki, akajaza ishirini za bunduki kwa chombo kilekile, na marehemu alipomwuliza kutoka ngazini, "Umekimwaga, bwana?" akajibiwa, "Nawe, utadhani mama mkwe!"

Tarehe 11 bunduki ya Haldor ilipasuka, ikaondoka na kidole gumba chake, naye akaiambia kamati ya klabu kwamba risasi zile alijaziwa na Torgeir. Kamati ikamfuta marehemu uanachama, na ikawa kila akiingia dukani anapigiwa kelele, "Mzee wa mabomu huyo, kaeni mbali!" na mwenyekiti yupo, anacheka, anatafuta soseji. Inatia kinyaa kuisoma, na kuitazama ilitia kinyaa zaidi.

Gunnvor alimsihi apeleke daftari kwa kamati, akakataa, "Dada, kashapoteza kidole, nimvue na nguo? Ana ulimi, atasema mwenyewe," akasubiri karibu miaka kumi na moja, bunduki yake ikining'inia ukutani imepakwa mafuta.

Oktoba 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Haldor alikuja hospitali mara moja, akazungumzia theluji nusu saa, akavaa glovu zake, akaondoka. Marehemu alifariki tarehe 3 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na bintiye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliosafisha theluji uani bila kuombwa, na wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza. Klabu haishukuriwi.

Torgeir, lala kwa amani, chombo chako hakina hata chembe.

Haldor, daftari hili hapa mbele yako, ukurasa wa tarehe 9 Mei, risasi ishirini, mwandiko wako, sahihi yako. Simama uusome kwa sauti.