Mwalimu Hosea Kitundu, Waziri Mkuu wa Nyumba ya Mzee Andrea

Wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji poleni, mimi ni Dorika, mtoto wa dada yake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya mjomba wangu, kazi ambayo ningefurahi apewe mwingine.

Mwalimu Hosea Kitundu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 hapa Iguguno, mtoto wa pili wa Mzee Andrea Kitundu na Mama Anastasia, alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari Singida mjini, akahitimu ualimu mwaka 1980, akapangiwa Mgori, kisha mwaka 1994 akahamishiwa Iguguno, alikofundisha Uraia hadi kustaafu Aprili 2018.

Mliopita mikononi mwake, nanyi mko wengi hapa, mnakumbuka kwamba kila Alhamisi darasa lake liligeuka Bunge, mwanafunzi mmoja akakaa mbele kama Waziri Mkuu, wenzake wakambana kwa maswali mpaka jasho likamtoka, naye mwalimu akirudia kwamba Waziri Mkuu husimamia shughuli za serikali za kila siku, lakini kiti si mali yake, ameteuliwa na mkuu wa nchi, na Bunge likikosa imani naye anaondoka, hata kama anaamini alikuwa sahihi.

Alifunga ndoa na Editha tarehe 7 Desemba 1985, wakajaliwa watoto wawili, Fredrick na Catherine.

Babu alipofariki mwaka 2013, mjomba Leonidas, kaka mkubwa, akawa mkuu wa ukoo, akamteua mdogo wake Hosea kusimamia mashamba, wagonjwa, mahari na ugomvi wetu wote, naye kwa utani akajiita Waziri Mkuu.

Desemba 2016 mvua zilichelewa, na zilipokuja ukoo ulikuwa na jozi moja tu ya maksai, akaamuru waanze kulima kwa jirani yetu mjane, Mama Rukaiya, kabla ya shamba la kaka yake, alizeti ya kaka ikakauka, na Januari ndugu wakaketi, wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, yeye akazihesabu mwenyewe, akawashukuru, akajiuzulu hapo hapo.

Sasa, mtaniwia radhi wazee, hakuna aliyeteuliwa baada yake, kila mmoja aliikwepa kazi ile, hivyo akaendelea kuifanya, akisema Waziri Mkuu aliyejiuzulu hubaki kazini mpaka mwenzake apatikane, na kwa miaka minane alitupeleka hospitali, alitusuluhisha, aliwaposea vijana wetu, bila cheo wala asante, na ilimuuma sana, kwa sababu alitamani kitu kimoja tu, kikao kimrudishie imani, na wa kukiita alikuwa kaka yake peke yake.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2024, akalazwa Singida mjini Februari 2025, na kila aliyekwenda kumwona, mjomba alimwuliza kama kaka yake ameita kikao. Jumatano jioni, tarehe 5 Machi, mjomba Leonidas alikiita, mikono yote ikanyooshwa juu, na wa kwake pia, asubuhi akapanda basi la kwanza kumpelekea habari, akafika wodini akakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jipya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na Mama Rukaiya, ambaye maksai wake ndio wanaovuta maji ya msiba huu.

Mjomba, kura tulipiga nawe hukuambiwa, tunakuambia leo mbele ya watu wote kwamba tuna imani nawe, kazi umeikabidhi, pumzika kwa amani.