Mama Yetu Chiriku, Mtoto wa Redioni

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Chiriku, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto pekee wa karani wa posta na mshonaji nguo. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, akabaki mikononi mwa mama yake.

Alipofikisha miaka sita aliimba redioni, katika kipindi cha watoto cha Jumamosi. Mwaka haukuisha, kila nyumba ilimjua. Watu walimsimamisha njiani aimbe, wakampa peremende. Wasichojua ni kwamba kila alipokosea wimbo alichapwa kwa mwiko mgongoni, mahali ambapo gauni lingefunika. Shule aliipita tu akienda studio.

Juni 1963, kipindi kikiwa hewani, mtangazaji alimuuliza, "Chiriku, leo unatuimbia nini?"

"Leo siimbi. Mgongo unauma. Mama amenipiga."

Mtangazaji aliweka santuri haraka haraka. Lakini mjomba wake, fundi seremala, alikuwa akisikiliza karakanani. Aliacha kazi, akaenda studio na vumbi la mbao kichwani.

"Dada, mtoto naondoka naye."

"Ni mwanangu huyu!"

"Na mimi ni mjomba wake. Nipige mimi basi."

Wakaondoka. Familia ya mjomba, tunawashukuru mpaka kesho.

Mjomba alimfundisha kusoma na kuhesabu, na Januari 1964 alianza darasa la tatu, magoti yakigonga dawati. Wenzake walimwita Shangazi, naye akacheka nao. Alituambia kuwa huko ndiko alikojifunza kukosea hesabu bila kuogopa kurudi nyumbani. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1972.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kituo cha mabasi, kutangaza safari kwenye kipaza sauti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2004. Baba alikuwa fundi magari palepale, mtu asiyesafiri popote, lakini kila siku alifika dirishani kwa Mama.

"Dada, basi la saa nne linaondoka saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na wewe unatoka saa ngapi?"

Walifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1976, wakajaliwa watoto watatu. Sisi hatukuwahi kuonja kofi lake. Akikasirika alikwenda kufua, hata nguo zilizokuwa safi.

Mama yake alipopofuka, Mama alimpangia chumba jirani, akamwogesha na kumlisha mpaka alipofariki mwaka 1999. Ila wajukuu hakumwachia peke yake. "Mimi nimemsamehe," alituambia, "lakini nyinyi sikuwatoa sadaka."

Mwaka 2008 alichapisha kitabu cha maisha yake ya utotoni. Ndugu wengine walimlaumu: "Unamvua marehemu nguo hadharani!" Akawajibu, "Mgongo ni wangu." Wasomaji wengi walimfuata nyumbani kumshukuru, wengine wakilia, naye aliwapikia chai wote.

Mwaka 2021 alianza kuugua moyo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Alasiri ya tarehe 20 Oktoba 2023 alimuuliza Baba kama amekula. Baba akasema ndiyo. "Mwongo wewe," akasema, akacheka, akafumba macho. Hakuamka tena.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba. Mungu alimtoa mikononi mwa aliyemuumiza, akamleta kwetu tuliompenda. Sasa ampokee Mwenyewe. Lala salama, Mama.