Laban Musau, Aliyetunza Panga za Al-Malqa

Wachungaji, wazee wetu, majirani na ndugu mliotoka mbali kuja kusimama nasi leo, Jumamosi tarehe 5 Julai 2025, mama hana nguvu za kusoma, kwa hiyo mimi Ivy Mwende, mtoto wake wa kwanza, nitasoma kwa niaba ya familia, na ninawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu kuna jambo kuhusu baba ambalo wengi wenu mmelisikia nusu tu.

Marehemu Laban Musau Kilonzo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 hapa Masii, Kaunti ya Machakos, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Kilonzo Musau na marehemu Hannah Mbithe, akabatizwa akiwa mchanga, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1993 na wa kidato cha nne mwaka 1997, kisha akajifunza ufundi wa magari mjini Machakos, na kuanzia mwaka 2001 akaendesha lori la kubeba saruji kati ya Athi River na Kitui, bila ajali hata moja.

Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa kanisani na mama yetu, Monicah Ndunge, wakabarikiwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 3 Mei 2008, na ndugu yangu Titus aliyezaliwa tarehe 20 Januari 2012.

Tarehe 6 Februari 2013 baba alisafiri kwenda Riyadh, Saudi Arabia, kufanya kazi ya udereva katika mtaa wa Al-Malqa, nyumbani kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, Abu Faris, ambaye alikuwa mkusanyaji wa panga za wanajeshi wa Japani za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alikuwa nazo thelathini na moja katika chumba kimoja kisicho na dirisha.

Mwaka 2016 Abu Faris aliona kwamba baba ana mikono mitulivu, akamfundisha kuzitunza na kuzikagua, na baba akajifunza kwamba chuma hakiguswi kwa kidole, kwamba kinapakwa mafuta mepesi yenye harufu ya karafuu, kwamba kutu iliyo chini ya mpini wa upanga wa ofisa haisuguliwi kamwe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha umri wake, na kwamba panga za masajini, zilizotengenezwa kiwandani, zina nambari iliyogongwa kwenye chuma na nambari ile ile kwenye ala, na zisipolingana hakuna mtu makini atakayezitaka. Dalmas, mlinzi wa lango la nyumba hiyo, aliyeusindikiza mwili wa baba na ambaye ameketi pale mbele, alizoea kumtania akisema, "Daktari wa visu, leo umepasua nani?" na baba alimjibu, "Ngoja nimalize hawa Wajapani, unafuata wewe."

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, baba alikuwa amechomoa panga mbili za masajini na kuzilaza mezani pamoja ili azipake mafuta, jambo ambalo yeye mwenyewe alijua halifai, kwa kuwa kila upanga unapaswa kurudi katika ala yake kabla wa pili haujatolewa, na madam, mke wa Abu Faris, akamwita kwa sauti, "Labani, yalla, watoto wanachelewa shule!" naye akazirudisha haraka, kila mmoja katika ala ya mwenzake, akaenda kuwasha gari.

Siku mbili baadaye kaka mkubwa wa Abu Faris alipewa upanga mmoja kuwa zawadi, akaenda kuufungia chumbani mwake huko Al-Qassim, kisha akasafiri ng'ambo kwa matibabu na ufunguo mfukoni, na upanga wa pili baba aliupeleka Jeddah kwa gari, peke yake, kwa sababu Abu Faris alikuwa ameahidi kumuuzia mzee mmoja wa huko, na bosi mwenyewe alitangulia kwa ndege.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba, mkaguzi wa yule mzee aliinamia upanga na kioo chake cha kukuzia, akatazama picha alizotumiwa, akatazama chuma tena, akasema, "Hiki sicho. Ala ni ile, chuma ni kingine." Abu Faris hakupandisha sauti, alimgeukia baba na kumuuliza, "Labani, ulisimama wapi njiani?" Baba alitazama nambari, akaelewa papo hapo alichofanya, akajibu, "Bosi, nilisimama kutia petroli na kunywa chai tu. Kosa ni langu, nimechanganya ala. Chuma chenyewe kiko kwa kaka yako." Akaonyesha daftari alimokuwa ameandika nambari za panga zote, lakini Abu Faris alisema, "Daftari umeandika wewe. Halas, yamekwisha."

Kuanzia hapo kesi ya wizi ilifunguliwa, baba akazuiwa kusafiri, akaondolewa kwenye chumba cha panga na kuwekwa langoni pamoja na Dalmas, mshahara ukasimamishwa, na mimi nikaacha shule mwezi Januari nikitoka kidato cha pili. Kila siku baba alimuuliza Dalmas kama kaka yake bosi amerudi, na Dalmas akamjibu, "Bado, ndugu yangu," wala Abu Faris hakukubali mlango wa kaka yake mkubwa, tena mgonjwa, uvunjwe kwa neno la dereva. Sisi huku tuliogopa kila simu ilipolia, tukaogopa zaidi isipolia, na hata hapa sokoni mama aliulizwa kama ni kweli mume wake ameiba upanga wa Mwarabu.

Shinikizo la damu la baba lilianza kupanda mwezi Machi 2025, tarehe 29 Mei akapatwa na kiharusi akiwa langoni, akalazwa hospitali mjini Riyadh, na tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, kesi ikiwa bado wazi, na mwili wake ukabaki chumba cha maiti tukingoja karatasi.

Jumapili, tarehe 22 Juni, kaka yake Abu Faris alirudi na chumba kikafunguliwa, na Abu Faris akapiga simu hapa nyumbani, akasoma nambari ya chuma kilichokutwa humo tarakimu moja moja, Dalmas akitafsiri, na mama akifuata kwa kidole kwenye picha ya daftari ambayo baba alikuwa amenitumia, nane, mbili, nne, moja, saba, zote zikalingana. Abu Faris alisema, "Wallahi, nimemdhulumu Labani," na keshokutwa yake kesi ikafungwa.

Baadhi ya jamaa wameniomba niandike kwamba baba hakufanya kosa lolote, na ninajua wananishauri kwa upendo, lakini siwezi, kwa kuwa siku moja kabla ya kiharusi alinitumia ujumbe wa sauti akisema, "Ivy, watu wakikuuliza, usiwaambie sikukosea. Nilichanganya ala mbili kwa mikono yangu. Waambie sikuiba."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi tangu tarehe 3 Juni, Wakenya wa mitaa ya Al-Naseem na Al-Sulimaniyah huko Riyadh waliofuatilia karatasi za mwili wake, na kwa namna ya pekee Dalmas, aliyeshinda naye langoni miezi yote hiyo bila kumshuku hata siku moja.

Amemwacha mjane, Monicah, na watoto wawili, Ivy na Titus.

Baba, nimewaambia yote mawili. Sasa upumzike kwa amani.