Kibuyu Chenye Pengo

Ndugu zangu wenye kuanguka, na ninyi mliowasindikiza, amani iwe kwenu. Wazee, shikamooni. Mama mlezi wa kikundi ameniomba niseme kwa kifupi. Mimi sijui kusema kwa kifupi, na kama alitaka kifupi angemwita mwingine.

Nimekuja na kibuyu hiki. Kimejaa togwa ya ulezi, mke wangu kaikoroga mwenyewe. Kitazameni mdomoni, kina pengo. Nitawaeleza pengo hilo lilitoka wapi, halafu tutakunywa. Na wewe baba uliyesimama pale mlangoni, uliyekuja na binti yako mwenye kikombe kilichofungwa kwa kamba shingoni, usiondoke. Nimekuona. Maneno mengi ya leo ni yako.

Mimi nilisoma hadi darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Lakini fikeni kijijini kwetu, njia ya Kaengesa, muulize nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati ni ya nani. Waulizeni wauza nyama wa hapa Sumbawanga nguruwe wanono wanatoka zizi gani. Nilianza na jike mmoja kilema ambaye mwenyewe alishataka kumtupa. Kuna walioniita bepari. Bepari gani anazalisha nguruwe kwa mikono yake kwenye baridi ya Ufipa?

Kifafa kilinianza nikiwa mtu mzima, nina mke na watoto. Siku moja tuko kwenye pombe, tumeuzunguka moto, maana kipupwe cha kwetu mnakijua. Nikaanguka, mkono ukaingia motoni. Watu walikuwepo, wengine tulichunga nao mbuzi utotoni. Walisimama wakatazama. Tulilelewa hivyo wote, kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe utaanguka. Hata mimi, angekuwa mwingine, ningesimama vilevile. Mke wangu ndiye aliyeninasa mkanda kwa jembe akanivuta. Kwa jembe, ndugu zangu, kama mtu anavyotoa gunia linalowaka. Simlaumu. Wengine hawakuvuta hata kwa jembe.

Mkono ndio huu. Vidole hivi viwili vimeshikana mpaka leo, na bado namkamata dume la nguruwe peke yangu.

Nilipopata nafuu, kaka yangu akachukua kisu, akakata pengo kwenye mdomo wa kibuyu changu, mtu asije akakosea akanywea humo. Sahani yangu ikawekwa peke yake. Shemeji zangu wakaja wakamchukua dada yao na watoto. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari iliyonyooka, na yangu ikatupwa kule chini kwenye matete. Shamba la kijiji wanalima pamoja, mimi nimepewa kona yangu. Watu wote wana ujamaa wao, na mimi ujamaa wangu ni na nguruwe.

Nikasema sawa. Nitakaa humu kwenye matete, na sihami.

Ndipo akaja binti mmoja kutoka Mbeya. Mdogo, mwembamba, sweta limemzidi, na sanduku la mbao ambalo hakutaka mtu mwingine alibebe. Ndani mna hadubini, ile mashine ya kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Serikali imemtuma atafute kwa nini watu wengi wa kwetu wanaanguka. Wakampa stoo ya shule alale na magunia ya mahindi.

Kazi yake ilikuwa kutembea nyumba hadi nyumba, kuuliza, kuomba tone la damu, kuomba hata choo cha mtu kwenye kikopo. Mnacheka. Wao pia walicheka. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo ili uje uokote mavi yetu?"

Akajibu, "Ndiyo, bibi. Na ya kwako bado sijayapata."

Lakini damu walimnyima. Ikasemwa anauza. Mwenyekiti akaitisha mkutano wa kijiji ili aondolewe, na mimi nikaenda, nikakaa pembeni na kibuyu changu. Upepo ulivuma siku ile. Nikaanguka palepale, katikati ya mkutano.

Haya nilisimuliwa. Watu walirudi nyuma, pakabaki uwanja mtupu, mimi natapatapa kama kuku. Yule binti akaingia. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe, usimguse, utachukua." Akavua sweta, akanilaza kichwa juu yake, akanigeuza ubavu, akanishikilia mpaka nikatulia. Povu limemlowanisha mikono. Nilipofumbua macho niliona uso wa mtu karibu na wangu, na nilikuwa nimesahau uso wa mtu unavyoonekana kwa karibu.

Nikaomba maji. Mmoja akakisukuma kibuyu changu kwa fimbo. Binti akakiokota, akatazama pengo, akauliza la nini. Nikamwambia ni alama, asinywee mwingine. Akanywa yeye kwanza, palepale kwenye pengo, ndipo akaninywesha mimi.

Akafuta mdomo. "Mimi ni mtafiti," akasema. "Kazi yangu ni kusema jambo halafu kulijaribu. Nasema povu haliambukizi. Nimeligusa, na nimenywa alipokunywa. Niacheni nikae kijijini, mnitazame. Nikianguka, mtakuwa ninyi mmeshinda, nitafunga sanduku langu niende."

Mwenyekiti akasema, "Na ukianguka, huyu naye ataondoka kijijini na nguruwe wake."

Binti akanitazama. Nikasema, "Aanguke tu, kama ataweza."

Basi kijiji kizima kikawa kinamtafiti mtafiti. Asubuhi akina mama wanapita stoo kumwamkia, kumbe wanatazama kama macho yamegeuka. Akijikwaa, watu wanakonyezana. Yeye anafanya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia nguruwe, yeye anawatazama chini ya ulimi, kuna vivimbe vyeupe kama punje za mchele. Akaanza kusema kwamba nguruwe wanaozurura na kula vinyesi... Nikamkatiza. Nikamwambia kuhusu kifafa aseme anavyotaka, lakini nguruwe wangu asiwatie maneno. Hakubishana. Aliniwekea jicho kwenye hadubini akanionyesha mayai ya mnyoo, aliyoyakuta kwenye kikopo kimoja cha choo, akasema yakiingia kwa mtu yanaweza kupanda mpaka kichwani. Nikauliza, kwa hiyo changu kimetoka huko? Akasema, "Huenda. Bado sijui." Hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Waganga wote niliowalipa mbuzi walikuwa wanajua.

Halafu akateremka Milepa, kule bondeni kwenye joto na mbu, kukusanya damu za huko. Aliporudi, haukupita muda mrefu, asubuhi moja nikasikia kelele kijijini: binti kaanguka.

Nilikimbia. Kweli yuko chini kwenye magunia, anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana. Watu wamejaa nje, Mwenyekiti mbele, na mgambo wawili. Wananitazama mimi. Nilijua mtu akishafukuzwa kijijini na jina la kifafa, hakuna kijiji kingine kitakachompokea. Mke sitamwona tena, wala watoto.

Nikasimama mlangoni kwenye ile stoo. Nikasema anayetaka kunitoa aje anishike kwa mikono yake, si kwa fimbo, si kwa jembe. Mgambo wale wakatazamana. Nawaambia ndugu zangu, siku ile ndiyo pekee nilifurahi kuwa watu wanaogopa kunigusa.

Ndani yule binti akasema, sauti inatetemeka, "Mwenyekiti, mtu aliyeanguka huwa anajibu akiitwa?"

Mwenyekiti akasema, "Hapana."

"Niite basi."

Akamwita. Akaitika. Akamwita tena, akaitika, "Abee, baba." Huko nje mtu akacheka. Kisha akajivuta mpaka kwenye sanduku, akajichoma kidole, akapaka damu yake kwenye kioo, akatia rangi, akangoja ikauke, huku kajifunika blanketi lake. Akatazama. Akamwita Mwenyekiti atazame naye.

Mwenyekiti aliinama pale hadi mgongo ukamuuma. "Naona vipete," akasema.

"Hiyo ni malaria, baba. Nimeitoa Milepa. Kama huamini, lete kidole chako nikutazame na wewe."

Mwenyekiti akaficha mkono nyuma. Hapo watu walicheka kweli. Binti akameza vidonge vyake vichungu, na baada ya siku chache akina mama wakamkuta anaanika nguo, anaimba. Bibi yule wa kwanza ndiye aliyetangulia. Akaja na kikopo kakifunika kwa jani, akasema, "Haya, mwanangu, hiki hapa." Baada yake wakaja wengi. Mimi nilikwisha kumpa damu siku nyingi, mbele ya watu wote.

Alinipeleka zahanati ya misheni, sista akanianzishia vidonge ninavyomeza mpaka leo. Siachi. Nguruwe nimewafungia zizini, na choo nimechimba kirefu kuliko cha Mwenyekiti, mtu yeyote aende akapime. Mke wangu alirudi kwa miguu yake mwenyewe, jembe begani. Nyumba ya bati nimeijenga palepale kwenye matete waliponitupa, na sasa wengine wanaomba viwanja karibu yangu. Nawajibu nitafikiria.

Yule binti aliondoka na sanduku lake. Alisema baadhi yetu ni ule mnyoo, wengine ni homa za utotoni, wengine bado hajui, na ataendelea kutafuta. Nasikia sasa anawafundisha wenzake. Namshukuru yeye kwanza. Namshukuru sista wa zahanati, na mke wangu kwa lile jembe. Namshukuru hata kaka yangu, maana bila pengo lake nisingekuwa na cha kuwaonyesha.

Nililojifunza ni hili. Mtu akianguka, mshike. Mgeuze ubavu, mwekee kitu laini kichwani, usimtie kijiko mdomoni. Ameze dawa yake kila siku. Na akikwambia ana kiu, mpe maji kwa chombo unachonywea wewe.

Sasa, baba uliye mlangoni. Binti yako ameshafika hapa mbele, alikuja mwenyewe nilipokuwa nasema habari za kioo. Kikombe chake nimekivua, kipo mezani, mtapandia mche. Mimi nimekunywa, mmeniona. Yeye amekunywa, mmemwona. Imebaki zamu yako. Ni papa hapa kwenye pengo, usifute.

Sote tutakungoja. Mimi sina haraka, baba. Nguruwe wangu wameshakula.