Nta Juu ya Kioo cha Vipele

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Baba Mchungaji na Baba Paroko, ambao leo mmekubali kukaa benchi moja. Bwana Mtaalamu wa mradi. Wazee wetu wa msaragambo, wasimamizi wa kazi zetu za pamoja, shikamooni. Akina mama wa Vudee. Na ninyi watoto mliopanda ukutani, shukeni kwanza ndipo niendelee.

Nimepewa dakika kumi kwa sababu mimi, Redempta, ndiye muuguzi wa zahanati hii kwa mwaka wa ishirini na moja sasa. Nina furaha leo! Tazameni paa lile. Paneli nane za umeme wa jua, na hakuna hata moja inayong'aa. Wageni wa Same wamekwisha kuninong'oneza, "Mama, mbona vioo vyenu vimefifia?" Ngojeni niwaambie.

Nani kati yenu ameisahau miaka ile ya shida, friji letu lilipokuwa la mafuta ya taa na mafuta ya taa hayakuonekana hata kwa dawa? Chanjo tuliibeba kutoka Same kwenye chupa ya chai, kwa miguu, na barafu iliyeyuka kabla hatujafika nusu ya mlima. Siku moja nilimwaga chanjo ya surua shimoni huku akina mama wamekaa foleni na watoto mapajani. Nililia mbele yao, sikuona aibu.

Kisha biashara zikafunguliwa, maduka yakajaa, na mradi ukatuletea friji la jua na paneli moja laini kama kioo cha kabati. Tukaimba. Lakini jua la huku juu mnalijua: asubuhi linachungulia kiupandeupande, mchana linafunikwa na ukungu. Betri ikawa haishibi. Mwaka jana barua ikaja: Mtaalamu atakuja kupima, na umeme usipotosha, friji litateremshwa Lembeni kwenye jua la kutosha. Je, watoto wa huku wao hawaugui surua?

Ndipo akasimama Mwalimu Eliufoo, mwalimu wetu wa fizikia, yule pale anayejificha nyuma ya Mama Koleta. Akaunda paneli yake kwa vipande alivyopewa na mradi, akaifunika kwa kioo cha vipele, kile tunachoweka dirisha la bafuni ili mtu asionekane anaoga. Tulimcheka jamani! Akaniita, akamwaga maharage juu ya meza. Yakateleza yote hadi sakafuni. Akamwaga mengine juu ya trei ya mayai; yakagonga huku, yakagonga kule, yakabaki humo. "Sista," akasema, "mwanga wa kiupandeupande juu ya kioo laini unateleza na kwenda zake. Penye vipele, ukikosea kuingia hapa unagonga kipele cha jirani, unaingia pale."

Siku ya kupimwa ikafika. Jioni ya kuamkia siku hiyo pembe ya msaragambo ilipigwa, kila nyumba ikatoa mtu, tukasafisha zahanati mpaka mawe ya njiani. Asubuhi Mtaalamu akaziweka paneli mbili sawa kwa sawa, akafunga mita. Ile laini: ishirini. Ya Mwalimu: kumi na tisa. Akafunua daftari lake, na mimi nikaona friji langu linashuka mlima.

Mwalimu akapitisha kidole juu ya kioo, akakwangua kidogo kwa ukucha. Nta! Nta ya mishumaa, imejaza kila bonde kati ya vipele. Akanitazama. Akasema, "Bwana Mkubwa, nta hiyo nimeipaka mimi, ili uone kioo hiki kikisawazishwa kinakuwaje. Sasa leteni maji ya vuguvugu na sabuni." Tukaosha, tukakausha, zikapimwa zote mbili upya. Laini: ishirini na moja. Ya vipele: ishirini na tano! Mtaalamu akarudia mara tatu, kisha akamkumbatia. Kwa hiyo friji limebaki, na paneli hizi nane zimekuja.

Shangwe za siku ile zilipokwisha, wazee wakamwita Mwalimu. Kazi ya msaragambo imesafisha, yeye amechafua. Utaratibu ni utaratibu. Mzee Aminieli akamuuliza, "Una la kusema?" Akajibu, "Sina, baba." Akatozwa mbuzi, tukamla hapa hapa uwanjani, na hadi leo mnamwita Mwalimu Nta.

Waheshimiwa, nta ile niliipaka mimi.

Ndiyo, mimi. Mlipoondoka jioni ile nilikitazama kioo kile, nikakiona kichafu kando ya mwenzake. Usafi wangu mnaujua, unawachosha. Nikayeyusha mishumaa, nikapaka, nikasugua kwa kipande cha blanketi mpaka nikauona uso wangu ndani yake, nikaenda kulala nimeridhika. Sikujua kwamba ule mng'ao ndio mwanga wenyewe unaorudi ulikotoka. Kesho yake Mwalimu aliponitazama, alijua. Angenitaja, ningeitwa mharibifu mbele ya Mtaalamu na mbele yenu. Akajitwika yeye. Na mimi nikanyamaza mwaka mzima. Mbaya zaidi, mbuzi wake nilimla. Nilikatiwa ini, nikasema tamu.

Mwalimu Eliufoo, simama uonekane. Nisamehe, kaka yangu. Wazee wetu, nyuma ya jengo kuna mbuzi dume amefungwa, nimepanda naye mwenyewe tangu alfajiri kutoka mnada wa bondeni. Huyu si wa kuchinjwa leo. Ni wa Mwalimu, aende naye kwake. Faini yangu mimi nitozeni upya, mbele ya hawa wote, na jina lile la Nta kuanzia sasa niiteni mimi.

Nawashukuru kwa kunivumilia. Asanteni sana.