Kwangu Sabuni, Kwake Wimbo

Nawasalimu nyote kwa jina la Yeye aliyetuamsha leo, wazee, kina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango mkiwa tayari kutoka. Mchungaji ameniomba nieleze jinsi Mungu alivyotuvusha mimi na bibi yangu, mama wa watoto wangu. Mimi si msemaji. Mnanijua, ni mtu wa ng'ombe, nanunua Ogwedhi nauza huku Kosele. Nitasema kama ninavyojua, na sitamtaja mtu kwa jina. Mkimtambua, mmemtambua wenyewe.

Bibi yangu alianguka siku ya soko. Nilikuwa Ogwedhi nimeshika kamba ya fahali mmoja mwekundu, tunabishana bei, simu ikalia. Alikuwa binti yetu mkubwa. Akasema, "Baba, Mama ameanguka jikoni. Mdomo umeenda upande na haongei." Niliachilia ile kamba. Mpaka leo sijui nani alimshika yule fahali.

Nilimkuta hospitalini Homa Bay, kitanda cha dirishani, mkono wa kulia umelala kama si wake. Daktari akaniambia ni kiharusi, na kimempiga upande wa ubongo unaoshika maneno. Nikamuuliza kama atapona. Akasema, "Mzee, tutamwona anavyoendelea." Jibu la namna hiyo unalijua hata kama hukusoma.

Basi nikaanza kuishi hospitalini. Nilijifunza kumgeuza ili mgongo usifanye vidonda. Nilijifunza kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kidevu kikiangalia chini ili usimpalie. Nilimwosha. Wanaume wenzangu, mimi sikuwa nimewahi kuosha hata mtoto. Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza dada yake aliniona nikihangaika akaniita mzee kwa lugha yetu, akasema, "Jaduong', shika shingo kwanza, halafu bega." Nikashika shingo kwanza.

Siku moja nikiwa nampangusa uso, akafungua mdomo na neno likatoka. Neno lenyewe lilikuwa "sabuni."

Nilifurahi. Nikamuuliza, "Unataka kuoga?"

"Sabuni."

"Unasikia maumivu?"

"Sabuni."

"Unanijua mimi ni nani?"

Akaniangalia, machozi yakamjaa, akasema polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani, "Sabuni."

Nilitoka nje nikasimama penye mfereji wa kunawia mikono. Kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi na mazishi, hilo mnalijua. Lakini pale niliomba. Nilimwambia Mungu, sitaki aongee na dunia nzima, mpe neno moja la kuniambia mimi. Nikawa naomba hivyo kila asubuhi kabla ya uji. Nawaambia, maombi yale ndiyo yaliyonirudisha ndani ya wodi siku ambazo miguu yangu ilitaka kwenda nyumbani.

Sasa, kuna mtu mwingine katika habari hii. Bibi yangu ni mwimbaji wa kwaya tangu ujana wake. Yule anayefundisha kwaya sote tunamwita Japuonj, yaani mwalimu. Wakubwa mnajua pia jambo jingine. Kabla yangu, Japuonj ndiye aliyetuma watu kwao kumposa, na msichana akakataa, akanichagua mimi. Miaka yote hiyo sikuwa na shida naye. Utamwonea wivu vipi mtu uliyemshinda? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri.

Japuonj akaja kumwona mgonjwa. Akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo ule ambao kwaya huuimba watu wakienda kwenye meza ya Bwana. Na bibi yangu akaimba. Ndugu zangu, sisemi aliguna. Aliimba maneno, kwa Dholuo safi, lugha yetu, ubeti mzima, sauti yake ile ile. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajiinua kwenye kiwiko asikilize. Nesi akasimama na sinia ya dawa, akasahau alikokuwa akienda. Watu walikuwa wakilia kwa furaha.

Wimbo ulipoisha nikamsukuma Japuonj kidogo kwa bega, nikainama. "Mama watoto, niambie kitu."

Akaniambia, "Sabuni."

Nyinyi mnacheka. Mimi sikucheka. Mama mmoja anayefundisha wagonjwa wa kiharusi kuongea alinieleza vizuri, kwamba maneno na nyimbo havikai chumba kimoja kichwani, na kwa bibi yangu chumba cha nyimbo hakikuguswa. Akaniambia, "Huyo rafiki yenu aendelee kuja." Nilielewa kwa akili yangu yote. Lakini wivu haukai kwenye akili.

Nikaanza kuona vitu. Niliona kwamba siku ya Japuonj kuja, bibi yangu anaangalia mlango tangu asubuhi. Niliona anakubali kuchanwa nywele. Niliona shati la Japuonj limepigwa pasi. Wakiimba, mkono wa kushoto wa bibi yangu, ule mzima, ulikuwa ukipiga mwendo juu ya blanketi, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo mimi sikuwa nimeiona tangu aanguke. Nikajisemea, anayemgeuza ni mimi, anayemwosha ni mimi, na sauti yake inamwendea mwingine. Nilimwonea wivu hata Mungu, ndugu zangu. Aliyeomba ni mimi, na jibu likapitia mdomo wa mtu mwingine.

Siku moja nikamfuata Japuonj mpaka getini. Nikamwambia, "Umetusaidia vya kutosha. Usije tena."

Akaniuliza, "Ni yeye amesema?"

"Yeye hasemi. Mimi ndiye ninayesema."

Akavaa kofia yake akaenda.

Tulipopewa ruhusa ya kutoka, nilimpeleka kwa dada yake karibu na Migori. Niliwaambia watu ni kwa sababu dada yake atanisaidia kumwinua, na ni kweli alinisaidia. Lakini sababu nyingine ni kwamba Migori ni mbali na kwaya.

Huko bibi yangu akanyamaza. Hata ile "sabuni" ikaisha. Nikileta uji anafunga mdomo, nikimgeuza anaangalia ukuta. Siku moja uji ukampalia vibaya, na baada ya muda akaanza homa, anapumua kwa shida. Tukalazwa tena, sasa ni hospitalini Migori, na nimonia, mrija wa oksijeni puani. Daktari kijana akaniita kando. Akasema, "Dawa tunampa. Lakini yeye mwenyewe hajaribu. Kuna kitu kilikuwa kinampa moyo?"

Nilikwenda tena kwenye mfereji, kwa maana hata Migori niliutafuta mfereji, nikataka kuomba lile ombi langu. Halikutoka. Nilijua tayari nimepewa nilichoomba, ila hakikuja kupitia kwangu, nami nikakifukuza getini. Nikamwacha mgonjwa na shemeji nikaenda Kosele.

Japuonj hakuwa nyumbani. Nilimkuta bibi yake akianika mahindi kwenye turubai. Hakunikaribisha kiti. Akaniambia, "Umekuja kumfukuza tena?"

Nikasema, "Nimekuja kumwomba arudi."

Akaendelea kusambaza mahindi kwa mguu. Halafu akasema, "Shemeji, wewe unafikiri ni wewe peke yako uliye na macho? Mimi ndiye ninayepiga pasi lile shati. Najua alimposa nani kabla yangu. Kila alipoondoka kwenda Homa Bay nilikaa hapa nikisikia moto tumboni."

"Na bado ulikuwa unapiga pasi?"

"Ningefanya nini? Yule mama anaimba akiimbiwa. Asipoimbiwa, anakufa. Nilimwuliza Mungu nifanye nini na moto huu, sikusikia jibu. Nikapiga pasi." Akanitazama usoni mara ya kwanza. "Safari hii nitaenda naye. Mimi pia nina sauti."

Nawaambia, mimi nilikuwa nimesikia mahubiri mengi juu ya wivu. Lakini mtu aliyenifungua ni yule mama. Hakuniambia nisiwe na wivu. Alinionyesha mtu mwenye wivu kama wangu, na kazi inafanyika.

Walikuja wote wawili. Japuonj alinipa mkono kama jana tulikuwa pamoja, hakuniuliza neno. Wakaimba. Bibi yangu alikuwa bado anaangalia ukuta. Tukaona kwanza vidole vya mkono wa kushoto vinasogea kwenye shuka. Kisha akageuza kichwa. Sauti haikutoka, ni pumzi tu, lakini midomo ilikuwa ikifuata maneno. Siku ile jioni alimeza uji.

Wakaendelea kuja, na kifua kikafunguka. Siku moja bibi ya Japuonj akaniambia, "Na wewe imba. Unasimama hapo kama askari." Nikakataa. Akasema, "Imba, shemeji." Basi nikaimba. Ndugu zangu, mliokaa karibu nami kanisani mnajua. Mimi sauti yangu ni ya kuswaga ng'ombe. Wodi nzima iligeuka. Japuonj akainamisha kichwa nikadhani anaomba, kumbe anacheka.

Na bibi yangu akacheka. Upande mmoja wa mdomo, lakini akacheka. Akainua ule mkono mzima akanishika shati, akanivuta. Na kwa sauti ya ule ule wimbo, akifuata mwendo wake, akaniimbia, "Wewe huwezi kuimba."

Hayo ndiyo maneno Mungu aliyonipa. Niliomba moja, akanipa matatu, na yote ni ya kunisema. Niliyapokea.

Kutoka hapo tulitia kila kitu kwenye wimbo. Maji, chai, choo, naumwa, nenda. Polepole maneno mengine yakaanza kusimama bila wimbo. Leo anatembea na fimbo, na ameketi pale kwa kina mama, anaogopa nitasema nini tena.

Nawashukuru madaktari na manesi wa Homa Bay na Migori, na yule mama aliyenifundisha kushika shingo. Namshukuru shemeji yangu wa Migori. Na kuna watu wawili wa kanisa hili, nilisema sitawataja. Mungu awaone.

Funzo langu ni dogo. Ukimuuguza mtu, utatamani msaada wote upite mkononi mwako. Hautapita. Msaada ukija kwa mkono wa mtu usiyempenda, fungua geti. Usingoje wivu uishe kwanza, kwa sababu wangu haujaisha. Jumapili iliyopita bibi yangu alisimama na kwaya, Japuonj akainua mkono, nikaona ile nuru usoni mwake ambayo nyumbani siipati. Nilisikia moto. Nikapiga makofi na wengine.