Mgeni wa Kila Alhamisi

Benchi letu limeegemea ukuta wa bandari ndogo ya mji wetu wa Donostia, mkabala na mlango wa chama. Chama chetu ni cha mapishi. Kila Alhamisi wanaume tunafunga aproni, tunapika, tunakula, tunaimba, tunaosha vyombo. Wanawake huja kama wageni na huishia mezani, jikoni hawaingii. Asubuhi ile tulikuwa watano na birika la kahawa. Mwenyekiti Txomin alipakata kifuko cha maharage, maana hatuamui jambo bila kura: jeupe ndiyo, jeusi hapana, na jeusi moja tu linavunja hoja. Hoja ilikuwa hii. Filamu iliyopigwa jikoni kwetu wakati wa baridi ilikuwa imechaguliwa kushindania tuzo ya filamu za wapenzi wa jinsia moja, kwenye tamasha la kimataifa la mji wetu. Sherehe ilikuwa jioni ileile. Joxean, mtu wa maneno machache kuliko sote, alikuwa ameomba kitu kimoja: twende wote, tukae naye.

Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kila mtu alikuwa anahangaika na hiyo tuzo.

— Mimi nasema filamu zimechanganywa, alianza Kepa. Tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Yetu imepelekwa huko, na ya hao wenzetu imepelekwa kwenye mashindano ya mapishi.

— Sasa huko kwenye mapishi wanaonja nini? aliuliza Bittor.

Bittor alikaa mapokezi ya zahanati mpaka akastaafu, ndiyo maana tunamwita Daktari. Alikumbusha kwamba yule binti mwenye kamera, Maialen, alituambia tangu mwanzo kuwa filamu inahusu samaki wa chumvi na ule mchuzi wake wa mafuta na vitunguu saumu, ambao haushikani mpaka sufuria itikiswe hadi mkono ufe ganzi. Sote tulikubali kwamba ndivyo alivyosema. Joxean alikunywa kahawa yake.

— Kosa ni letu, alisema Redio. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa stuli mlangoni pa jikoni.

— Jembe la nini jikoni, wewe? Mtu ana kamera.

— Ndiyo nakwambia. Angeshika jembe, hiyo kamera angeishikia wapi?

Mwenyekiti alikohoa. Alisema kuna jambo hakutuambia. Siku moja Maialen alimuuliza, kamera ikiwa inawaka, kama wanachama tunapendana. Naye alijibu kwamba tunapendana sana, na kwamba Redio amelala naye mara nyingi kuliko alivyolala na mkewe.

— Ulisema hivyo?

— Nilikuwa na maana ya yale mabenchi ya chama, baada ya karamu. Wewe mwenyewe hukoroma pale.

— Bwana Txomin, umenimaliza. Mke wangu anakwenda sinema.

Baada ya hapo mazungumzo yalipotea njia. Daktari alitukumbusha kwamba mtu anaweza kuishi na presha miaka na miaka asijue, mpaka siku apimwe. Redio akataka kujua kama hili nalo lina kipimo. Daktari alifikiri, akasema labda ndiyo hiyo tuzo: wataalamu wametazama chama kizima, wakaona wanaume watupu, aproni, nyimbo za mapenzi zinazoimbwa huku mikono iko mabegani, wakatoa majibu.

— Kwa hiyo tunao sote? aliuliza Mwenyekiti.

— Sijasema sote. Nimesema majibu ni ya chama.

— Na mimi niliyejiunga mwisho? niliuliza.

— Wewe samaki mmoja akioza.

Hakumalizia methali, wala hakuna aliyeelewa ilikuwa inaelekea wapi. Redio alikuwa ameshashika nadharia nyingine. Alisema waamuzi wa tuzo si wajinga, bila shaka wameona kitu ambacho sisi hatukukiona: wale samaki wawili waliopikwa siku ile walikuwa madume.

— Vilikuwa vipande, Redio. Vipande havina dume wala jike.

— Daktari gani wewe huwezi kutambua?

Hapo Joxean aliweka kikombe chini.

— Kuna mikono, alisema.

Tulimgeukia. Alisema yeye ameiona filamu, Maialen alimwonyesha kabla ya kuipeleka kokote. Kuna sehemu ndefu ambayo hakuna anayesema kitu. Inaonekana sufuria peke yake, na mikono ya watu wawili, kila mmoja ameshika mpini wake, wanaitikisa polepole mpaka mchuzi unakuwa mweupe.

— Mikono ya nani? aliuliza Mwenyekiti.

— Yangu na ya Anton.

Anton si mwanachama. Huja na Joxean kila Alhamisi, hutikisa naye sufuria, huosha naye vyombo, kisha huondoka naye. Wanaishi nyumba moja huko mlimani kwa sababu, kama tulivyozoea kusema, kodi Donostia ni ghali.

Kila mtu alitazama mahali pake. Halafu Redio alisema kwamba sasa ameelewa: waamuzi wameguswa na mchuzi. Ule mchuzi ukishikana hata yeye hulia.

— Vitunguu saumu haviwalizi watu, alisema Daktari.

— Mimi huniliza uzuri wake.

Mwenyekiti alikuwa anafungua kifuko ili tupige kura alipofika mwanamke mwenye kitambulisho cha tamasha shingoni. Alijitambulisha kuwa Garazi, mpanga viti. Hakukubali kahawa, na birika nalo lilikuwa karibu tupu. Alieleza kwamba wanachama wa chama wametengewa safu ya mbele, karibu na Maialen. Wageni wao watakaa juu, kwenye roshani. Alikuwa na swali moja.

— Huyu Anton, anayeonekana filamu nzima. Nimuweke wapi?

— Roshani, alijibu Mwenyekiti. Yeye ni mgeni.

— Mgeni tangu lini?

Garazi hakuwa anatuchokoza. Alitaka kujua tu, kama mtu anavyouliza njia.

Mwenyekiti alimtazama Daktari. Daktari alinitazama mimi. Mimi ndiye niliyejiunga mwisho, na nilipoingia, Anton ndiye aliyenionyesha mahali visu vinapowekwa. Mke wa Mwenyekiti alipozikwa, supu tuliyokunywa aliipika Anton.

— Mgeni siku mbili, alianza Redio, siku ya tatu...

Akanyamaza. Sikumbuki kama tuliwahi kumsikia akinyamaza katikati.

Garazi alisema atapita tena kabla ya chakula cha mchana, na akaenda zake.

Joxean aliinuka. Alichukua kikombe chake, akakisuuza kwenye bomba la wavuvi, akakirudisha kando ya birika.

— Nakwenda nyumbani, alisema. Anton hajaniuliza kama mnakuja. Ameniuliza avae koti gani.

— Sasa utamwambia nini? aliuliza Daktari.

— La buluu.

Tulimtazama mpaka akapinda kona ya kanisa. Redio aliinamisha birika juu ya kikombe chake; yalitoka matone na machicha. Mwenyekiti alimwaga maharage yote kwenye benchi na kuanza kuyachambua kwa kidole, kama afanyavyo kila Alhamisi kabla ya kuyabandika.

— Tupige basi, alisema Daktari. Ila nieleweshe, Mwenyekiti. Tunapigia kura kwenda, au tunampigia Anton awe mwanachama?

Mwenyekiti alichukua harage jeusi, akalitupa majini. Akachukua lingine, akalitupa.

— Txomin, huo siyo utaratibu, alisema Redio. Sasa mtu akitaka kusema hapana atasemaje?

Mwenyekiti aliendelea kutupa, moja moja, mpaka pale benchini yakabaki meupe matupu.